Bibi hakukosea herufi

Kibaraza cha Mitishamba: barua zenu na majibu ya Babu wa Pongwe, Tanga

*Babu, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Makorora. Bibi mzaa mama alikuwa mkunga wa jadi kule Maramba na watu walimfuata kwa mitishamba kutoka mbali. Alifariki mwaka juzi, akaniachia daftari lenye majina ya miti na maradhi. Natamani kujifunza kazi yake, lakini kila nikitafuta kwenye simu nakutana na video za watu wanaouza chupa, na kila mmoja ana lake. Nianzie wapi? Kitabu gani, mwalimu gani? Halafu kuna ukurasa mmoja umenigusa kwa sababu mwanangu wa miaka 6 ana pumu. Bibi ameandika: "Mnanaha. Pumu. Majani makavu." Jirani yangu anasema huo ni mnanaa wa chai, bibi kakosea herufi tu, ninunue Mgandini nichemshe, nimpe asubuhi na jioni. Nimpe?*

Marahaba, mjukuu wangu, na pole kwa bibi. Nianze na mtoto, daftari litangoja.

Mnanaa wa Mgandini hautamdhuru mwanao, ila pumu hautaiondoa. Kinachonitia hofu ni siku utakapopanda basi kwenda Maramba kuutafuta mti wenyewe alioandika bibi. Maana bibi yako hakukosea herufi. Mnanaha ni mti mwingine kabisa, na ni sumu. Jina lake la Kilatini ni *Datura stramonium*.

Shika tawi la mnanaa ulizungushe kati ya vidole. Bua lake lina pembe nne, kama kijiti cha kiberiti. Majani yanakaa mawili mawili yakitazamana, na harufu yake huhitaji nikueleze. Mnanaha bua lake ni la mviringo, majani yake ni mapana na kingo zake zimechanikachanika, kila jani limeota pahala pake peke yake. Utaukuta jalalani, kando ya zizi, kwenye viwanja vilivyotelekezwa. Ua lake ni jeupe na refu kama tarumbeta. Tunda ni kama yai dogo lililoota miiba. Likikauka hupasuka pande nne likamwaga mbegu nyeusi. Jani lake ukilisugua linanuka vibaya. Mtu akiula mti huu mdomo humkauka, mboni za macho zikapanuka, moyo ukaenda mbio, akaanza kuweweseka na kuokota hewani vitu asivyoviona mtu mwingine. Mtoto anaweza kufa. Likitokea hilo hakuna cha maziwa wala mkaa: ni hospitali saa ile ile, na tawi la mti mkononi ili daktari auone.

Utaniuliza, sasa bibi aliandikaje sumu kwenye daftari la dawa? Aliandika sawa. Zamani watu wa nchi nyingi walivuta moshi wa majani makavu ya mnanaha ili kifua kifunguke, na Ulaya kulikuwa na sigara za pumu zilizouzwa kwenye maduka ya dawa. Ndani ya jani mna atropini, na atropini kweli hulegeza njia za hewa. Hata ipratropium, dawa ya kuvuta inayotumika hospitali kwa wenye kifua kilichobana, imezaliwa kutoka kwenye atropini. Tazama tena maneno ya bibi: "majani makavu". Hakuandika "chemsha". Na kuna kitu ambacho hakukiandika kabisa, nacho ni kiasi. Kiasi kilikuwa kwenye mkono wake. Sumu ya mti huu haikai sawa, inapanda na kushuka kati ya mti na mti, kati ya jani na mbegu, na nafasi iliyopo kati ya dawa na maafa ni nyembamba mno. Mwanao endelea naye na dawa aliyoandikiwa kliniki, ya kuvuta, ambayo kila pumzi imepimwa kiwandani.

Jirani usigombane naye. Mpelekee gazeti asome.

Sasa tuje kwenye kujifunza. Umeniuliza kitabu gani na mwalimu gani. Mie ningeanza na swali la mti gani.

Mie si mganga, wasomaji wa zamani wanajua. Mwaka 1978, kijana wa miaka 19, niliajiriwa kubeba magazeti. Wataalamu wa mimea walikuwa wakipanda Usambara Mashariki, upande wa Amani, na tawi likikatwa linalazwa ndani ya gazeti ili likauke likiwa limenyooka. Muheza walinicheka sana, kijana anaingia porini na furushi la *Uhuru* la mwaka jana kichwani. Nikawajibu naenda kuchimba dawa, na sikuwa na maana ile ya abiria anayemwomba dereva asimame kabla ya Segera.

Masika ya mwaka wangu wa kwanza mvua ilitukuta karibu na Sigi. Nilikuwa nimekusanya wiki nzima bila kuandika namba kwenye magazeti, nikijiambia kichwa changu kizuri, nitakumbuka. Maji yakaingia kwenye furushi, magazeti yakachanganyikana, na yale matawi 34 yakawa kuni. Kiongozi wetu hakunipigia kelele. Alikaa mbele ya moto, akawa analichukua tawi moja moja, ananionyesha: "Huu mti gani? Umetoka wapi? Nani kakutajia jina?" Nikinyamaza, anatia motoni. Matawi 34. Mpaka leo nikimwona mtu kwenye simu ameshika jani anasema "hili ni kiboko ya presha", nausikia ule moto.

Majina yetu ni mazuri lakini ni ya kijiji. Bibi yako alikaa Maramba, kwa hiyo daftari lake huenda limechanganya Kidigo, Kibondei, Kisambaa na Kiswahili, na jina moja laweza kubeba miti miwili au mitatu. Chukua kivumbasi: ukiuliza Pongwe utaonyeshwa mmoja, ukipanda Lushoto utaonyeshwa mwingine, ni ndugu lakini si mmoja. Ukilichukua jina la bibi ukalipeleka moja kwa moja kitabuni, unaweza kusoma habari za mti ambao bibi hakuwahi kuugusa. Makosa ya mnanaa na mnanaha yamezaliwa hapo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza lipige picha daftari lote, kila ukurasa, umtumie na ndugu mmoja, kwa sababu mchwa wa Tanga hawachagui. Halafu tafuta Maramba mtu aliyekuwa akienda porini na bibi: mama mkubwa, mjukuu aliyebeba kikapu, hata mteja wa siku nyingi. Mwambie akuonyeshe mti wenyewe uliosimama, siyo jani lililoletwa nyumbani. Kata tawi la urefu kama wa mkono mpaka kiwiko, lenye majani na ua au tunda, maana bila ua au tunda hata mtaalamu hukwama. Lilaze ndani ya gazeti, ligandamize kwa mbao mbili na mkanda, badilisha gazeti kila siku mpaka likauke. Na pembeni, kwa penseli, siku hiyo hiyo, andika namba, tarehe, kijiji, mti una urefu gani, ua lina rangi gani (likikauka rangi inapotea), unatoa utomvu au hautoi, na jina umeambiwa kwa lugha gani. Kwenye hifadhi ya Amani usikate kitu bila ruhusa. Ila waongozaji wa pale nawasifu, wengi wao wanautaja mti kwa Kisambaa na kwa Kilatini bila kupumua katikati. Siku moja nao itakufaa kuliko mwezi mzima wa video.

Tawi likishakauka linapelekwa mahali panapotunzwa mimea mikavu, wenyewe hupaita hebaria. Hebaria ya Taifa iko Arusha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana yao, na kwa sisi wa Tanga iliyo karibu ni ya watafiti wa misitu Lushoto. Wanalilinganisha na yaliyopo kabatini, wanakupa jina. Kuna orodha kubwa ya mimea ya Afrika Mashariki ambayo Waingereza wa Kew, bustani yao kuu ya mimea, walianza kuichapisha 1952 wakamaliza 2012, aina zaidi ya 12,000; hilo jina utakalopewa ndilo ufunguo wa yote yaliyoandikwa juu ya mti huo, Kiingereza, Kijerumani, Kichina, popote.

Simu nayo siikatai. Programu ya PlantNet ukiipigia picha ya ua na jani inakupa makisio bila malipo. Ni makisio. Mimi nimeionyesha mti wa nyuma ya nyumba yangu, ikanitajia mti wa bustani za Ulaya.

Vitabu. Nilicho nacho mie, kimechakaa, ni cha Profesa John Kokwaro wa Nairobi, *Medicinal Plants of East Africa*, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1976. Kando yake nina *Useful Trees and Shrubs for Tanzania* cha mwaka 1994, kimeandikwa na Mbuya, Msanga, Ruffo na wenzao. Hiki kina michoro mizuri na majina ya makabila yetu, hata asiyejua Kiingereza vizuri atautambua mti. Kwenye intaneti tafuta PROTA, kazi ya mimea ya Afrika ya kitropiki. Inasomwa bure, na majina ya Kiswahili yamo. Uliza pia Maktaba ya Mkoa pale mjini. Hata kama kitabu hawana, wahudumu watakuelekeza pa kutafuta, na kuna meza ya kukalia, jambo ambalo kwenye chumba cha cherehani sidhani kama unalo.

Ila ujue kuvisoma. Kitabu kikisema mzizi fulani "hutumika kwa kifua", maana yake ni kwamba mzee mmoja mahali fulani alimwambia mtafiti hivyo. Ni habari ya kweli kuhusu yule mzee. Kuhusu kifua bado. Waliolitenganisha hili kwa uwazi ni Shirika la Afya Duniani, kwenye vitabu vyao vya mimea ya dawa vilivyoanza kutoka 1999, navyo vinapatikana bure. Kila mmea wameugawia rafu tatu. Ya kwanza ni matumizi yaliyojaribiwa kwa wagonjwa yakaonekana yanafanya kazi. Ya pili ni yale yaliyomo kwenye vitabu rasmi vya dawa na mapokeo yaliyoandikwa. Ya tatu ni yanayosemwa na watu, ushahidi haujapatikana. Sanamaki anayouza Mwarabu wa Ngamiani kwa aliyefunga choo iko rafu ya kwanza, kwa siku chache tu. Tangawizi kwa kichefuchefu cha safari, rafu ya kwanza. Lakini mambo mengine chungu nzima yanayosemwa juu ya hiyo hiyo tangawizi yako rafu ya tatu. Mmea mmoja unakaa rafu zote tatu kwa wakati mmoja! Ukilielewa hilo umeshawapita wengi wanaojiita madokta kwenye video.

Na mwarobaini, hebu niseme pembeni. Tangu utotoni nasikia unatibu magonjwa 40, na kila mzee niliyemwomba anihesabie alifika la nane akaomba maji. Ni mti mzuri wenye asili ya Bara Hindi, lakini mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwaletea watoto wachanga degedege na madhara ya ini. Hilo halimo kwenye yale 40.

Mwalimu. Mganga mkweli utamjua kwa mambo mawili: anakwambia lini asikutibu, na hakatazi hospitali. Kisha uliza usajili. Sheria Namba 23 ya mwaka 2002 ndiyo iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na waganga wanasajiliwa huko kupitia halmashauri zao. Nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya umwulize mratibu wa tiba asili. Yeye anawajua waliosajiliwa, na wewe mwenyewe ukitaka siku moja kuifanya kazi ya bibi utaanzia mlango huo huo. Tarehe 31 Agosti kila mwaka ni Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika, ukisikia kuna maonyesho, nenda na daftari. Muhimbili wana Taasisi ya Tiba Asili, kazi iliyoanza pale tangu 1974, na watafiti wake wameandika mengi kuhusu mimea ya mikoa ya mashariki, Tanga ikiwemo. Wala Tanga hatuanzi leo: Tanga AIDS Working Group walishawakalisha waganga wetu na watu wa hospitali meza moja tangu miaka ya 1990, wakati wengine walikuwa bado wanatupiana maneno.

Ukileta tawi la kwanza Pongwe tutalitazama pamoja. Mnanaha usiulete, nauamini.

*Babu, baba yangu ana kisukari na anatumia metformin. Mwezi huu kaongeza uwatu wa unga kila asubuhi, na chupa aliyouziwa na kijana stendi, imeandikwa "kisukari, presha, vidonda vya tumbo". Sasa anatetemeka na kutoka jasho kabla ya chakula cha mchana. Nitajuaje kama ile chupa ni ya kuaminika? Msomaji, Chumbageni.*

Kijana wangu, chupa baadaye. Kutetemeka na jasho la namna hiyo kwa mwenye kisukari ni dalili ya sukari kushuka. Mpime, mpe kitu cha sukari akiwa hivyo, na kesho mwende kliniki mkiwa na uwatu, metformin na hiyo chupa kwenye mfuko mmoja. Uwatu kweli hushusha sukari, na metformin hushusha, sasa baba anashushwa na watu wawili ambao hawajaonana. Wazee wetu wanamficha daktari wakidhani atawakaripia. Mwambie baba akiogopa kukaripiwa, wewe useme.

Ama chupa, geuza lebo. Dawa ya asili iliyosajiliwa ina namba ya usajili ya Baraza, jina la mtengenezaji na mahali alipo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na sampuli yake imepita kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Yako ina nini? Naweza kubashiri ina namba ya simu tu.

*Hapa Korogwe tumehamasishwa kupanda pakanga, tunaambiwa chai yake inaponya malaria kuliko vidonge. Ni kweli?*

Pakanga gani? Ile ya zamani ya milimani, yenye kijivu na uchungu wa kukunja uso, ni *Artemisia afra*. Iliyoletwa juzijuzi, yenye majani membamba kama manyoya, inayokufa kila mwaka, ni *Artemisia annua* ya Uchina. Siku hizi zote mnaziita pakanga. Ni hii ya pili ndiyo yenye artemisinini, kiini kinachoua vimelea vya malaria, kilichompatia Mchina Tu Youyou tuzo ya Nobel mwaka 2015, na mseto wa ALu tunaopewa zahanati tangu 2006 umetoka humo. Lakini kikombe chako cha chai hakijulikani kimebeba kiasi gani, na kikibeba kidogo, vimelea vinavyobaki hujifunza kuizoea dawa. Shirika la Afya Duniani wanaikataa chai hiyo kwa sababu hiyo. Kwinini nayo ni gome la mti, Wajerumani waliupanda Amani kwenye taasisi yao waliyoianzisha 1902, na sijamwona Mbondei wa leo akichemsha gome. Homa ikija, pima kwanza.

*Babu, nitumie dawa ya nguvu za kiume kwa basi la asubuhi. Msomaji, Pangani.*

Siuzi dawa, sijawahi. Na hizo za unga mnazonunua njiani, wakaguzi wa nchi nyingi wameshakuta ndani yake sildenafil, yaani Viagra iliyosagwa, mtu anadhani anakunywa mzizi kumbe anakunywa kidonge ambacho mwenye moyo mbovu kinaweza kumlaza moja kwa moja. Kamwone daktari, tatizo hilo mara nyingi limejificha nyuma ya sukari au presha. Shilingi 20,000 ulizonitumia kwa simu nimezirudisha jana saa kumi, angalia ujumbe.